Kiharusi na Ugonjwa wa Moyo: Kinga Huanzia Jikoni

  

Leo naomba tuanze kwa kazi ndogo. Nenda jikoni uchukue pakiti ya chumvi. Ikiwa uko mbali na jikoni, basi ikumbuke tu. Je, uliinunua lini? Na kwa kawaida huisha baada ya siku ngapi?

Wengi wetu hatuwezi kujibu. Tunajua unga utaisha lini, tunajua sukari imebaki kiasi gani, hata mafuta ya taa tunayapima kwa jicho. Lakini chumvi hatuihesabu, kwa sababu bei yake ni nafuu. Mwisho wa mazungumzo haya nitakuonyesha jinsi ya kuihesabu. Kwanza tuelewe kwa nini inafaa kuhesabiwa.

Ugonjwa unaoingia bila kubisha hodi

Moyo ni pampu. Usiku na mchana unasukuma damu kwenye mishipa ili ifike kila pembe ya mwili. Nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa ndiyo tunayoiita shinikizo la damu, au kwa lugha ya kila siku, presha.

Chukua mfano wa mpira wa kunyunyizia maji shambani. Maji yakipita kwa nguvu ya kadiri, mpira hudumu miaka. Lakini yakisukumwa kwa nguvu nyingi kila siku, mpira huchoka, huota nyufa, na siku moja hupasuka mahali palipo dhaifu. Tena ukiruhusu uchafu ugande ndani, njia huwa nyembamba na mwishowe huziba.

Mishipa yetu ni hivyo hivyo. Mshipa wa moyo ukiziba, sehemu ya moyo hukosa damu na kuanza kufa. Huo ni mshtuko wa moyo. Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hukosa damu. Hicho ndicho kiharusi. Sababu kubwa ya kiharusi ni presha ya juu ambayo haikutibiwa.

Shida ni kwamba presha ya juu kwa kawaida haiumi. Mtu hulima, huuza sokoni, hucheka na wenzake, na huku mishipa inaharibika. Watu wengi hungoja kichwa kiume au moyo uende mbio ndipo waende kupimwa. Usingoje. Huwezi kujua presha yako kwa kujisikia. Utaijua kwa kupimwa tu.

Utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015, ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Pia ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja.

Mama, wewe unajua kiharusi kikiingia nyumbani nani hubeba mzigo. Mgonjwa huhitaji kulishwa, kuoshwa na kugeuzwa kitandani mchana na usiku. Kazi hiyo hukuangukia wewe, au msichana wako ambaye sasa hawezi kwenda shule. Biashara husimama, mbuzi huuzwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa presha unaweza kuzibwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwako.

Chumvi ambayo hatuioni

Mwili unahitaji chumvi, lakini kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hicho ni cha siku nzima na kwa vyakula vyote. Ikizidi, chumvi huvuta maji na kuyaweka ndani ya damu. Damu inakuwa nyingi kwenye mishipa ile ile, na presha inapanda.

Sasa hesabu chumvi inakotoka. Kuna ile ya sufuria. Kuna ile ya mezani, ambayo mtu hunyunyiza kabla hata ya kuonja. Kuna ile inayorundikwa kando ya ubao wa nyama choma, kila kipande kikichovywa. Kuna ya yai la kuchemsha la barabarani, ya chipsi, ya krispi za watoto, ya soseji, ya mkate. Ukiweka kikolezo cha mchuzi cha pakiti au cha mchemraba, umeweka chumvi, hata kama hukugusa kopo. Kwa ndugu zetu wa Pwani, samaki aina ya ng'onda amehifadhiwa kwa chumvi nyingi. Mloweke, umwage maji, kisha ndipo umpike, na usiongeze chumvi nyingine.

Na magadi je? Wengi tunayatumia kulainisha githeri, maharagwe na mboga za kienyeji. Magadi ni ya jamii ya sodiamu, kitu kile kile kilicho ndani ya chumvi kinachopandisha presha. Badala yake, loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, yataiva upesi na kuni zitabaki. Mboga kama managu na kunde zipike muda mfupi. Mrenda nao uutie bamia ukitaka uteleze zaidi.

Usikate chumvi yote kwa siku moja, chakula kitakataliwa na utakata tamaa. Punguza kidogo kila wiki. Tia ladha kwa kitunguu saumu, tangawizi, dania, nyanya, pilipili na ndimu. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na chakula ulichokiona kitamu zamani utakiona kina chumvi kali.

Jambo moja nikusisitizie: chumvi hiyo kidogo utakayotumia iwe ile yenye madini ya joto, yaani ayodini, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mwili unayahitaji, hasa wa mama mjamzito na wa mtoto.

Mafuta, sukari na sahani ya jamii

Mafuta yanayoganda kwenye mkebe, na mafuta ya nyama, huongeza ule uchafu unaoganda ndani ya mishipa. Ukiweza, tumia mafuta ya maji yatokanayo na mimea kama vile alizeti, na uyapime kwa kijiko badala ya kumimina. Usiyarudie mafuta yale yale ya kukaangia mandazi, samaki au chipsi siku baada ya siku hadi yamekuwa meusi. Pika mara nyingi kwa kuchemsha, kwa mvuke au kwa kuchoma.

Sukari nayo hunenepesha na kufungulia mlango ugonjwa wa kisukari, na kisukari huharibu mishipa ya moyo na ya ubongo. Chupa ya soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko 10 vya chai. Mgeni akija, maji safi na ndizi mbivu si aibu.

Utafiti ule ule wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa Wakenya wengi mno, watu wazima 94 kwa kila 100, hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Na tunaishi katika nchi ya sukuma wiki, terere, maembe, mapapai na maparachichi! Gawa sahani hivi: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali, viazi au mihogo, na robo nyingine iwe maharagwe, ndengu, samaki, omena, yai au kipande cha nyama isiyo na mafuta. Ugali si adui. Adui ni mlima wa ugali na kijiko kimoja cha mboga.

Mwendo, moshi na pombe

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayomfanya apumue kwa haraka na kutoa jasho kidogo. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Si lazima uwe na kiwanja wala viatu vya bei. Kulima, kuchota maji, kutembea haraka kwenda sokoni, yote yanahesabiwa. Lakini kama kazi yako ni ya kukaa, kwa mfano kushona, kuuza dukani au kazi ya ofisi, basi shuka kituo kimoja kabla ya kufika na umalizie kwa miguu. Watoto wanahitaji saa nzima kila siku: waache waruke kamba, wacheze kati na wakimbizane, badala ya kukaa mbele ya televisheni na simu mchana kutwa.

Tumbaku huharibu mishipa, iwe ni sigara, kiko au ugoro. Anayevuta ndani ya nyumba huwavutisha wote, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Mwombe avutie nje, kisha msaidie aache. Moshi wa kuni na makaa pia si rafiki wa moyo. Fungua dirisha, tumia jiko lenye bomba la kutolea moshi, na kuni zikauke vizuri. Pombe nayo hupandisha presha, iwe ya chupa au ya kienyeji. Ikipungua ni heri, ikiachwa ni bora zaidi.

Neno kwa wewe mama mwenyewe

Mara nyingi mama hupeleka kila mtu hospitali, yeye akabaki. Sikiza haya.

Kama ulipata presha wakati wa ujauzito, hata kama ilishuka baada ya kujifungua, una hatari kubwa zaidi ya kupata presha, ugonjwa wa moyo na kiharusi baadaye. Mweleze muuguzi historia hiyo, na upimwe angalau kila mwaka. Na kama u mjamzito sasa, ukiumwa sana na kichwa, ukiona ukungu machoni, ukivimba uso na mikono ghafla au ukiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kupanga uzazi, vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha presha kwa baadhi ya wanawake. Usiache kupanga uzazi kwa kuogopa. Omba upimwe presha kwanza, na ikiwa iko juu, utachaguliwa njia nyingine salama.

Kupimwa presha ni kazi ya dakika chache. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako. Tangu mwaka 2023 wengi wao walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha. Kabla ya kupimwa, nenda haja ndogo, kisha kaa utulie dakika tano. Egemeza mgongo, weka nyayo sakafuni, mkono ukae juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Usiwe umekunywa chai au kahawa, wala kuvuta sigara, ndani ya nusu saa iliyopita.

Utapewa namba mbili. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, na imepatikana hivyo zaidi ya siku moja, hiyo ni presha ya juu na inahitaji matibabu. Ziandike namba hizo kwenye daftari, kila mtu mzima wa nyumba kwa jina lake.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Swali: Mama mkwe wangu alipewa dawa za presha. Alipopimwa akaambiwa iko sawa, basi ameacha kuzitumia. Je, amepona?

Jibu: Hajapona, dawa ndizo zinazoishikilia. Umewahi kuona utingo akiweka jiwe nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani? Gari limetulia kwa sababu ya jiwe. Ukiliondoa, gari linarudi nyuma. Watu wengi hupata kiharusi baada ya kuacha dawa kwa kuwa "wanajisikia vizuri". Mwambie mama kwa heshima, tena umsindikize kliniki. Kama dawa zinamsumbua, au hana pesa za kuzinunua, amweleze daktari abadilishiwe. Asiazime dawa za jirani, na kama anatumia miti shamba, asifiche.

Swali: Mzee wa nyumba anasema chakula cha chumvi kidogo ni cha wagonjwa. Nifanyeje?

Jibu: Usimpikie yeye peke yake sufuria yake, atajiona ametengwa. Pikeni chungu kimoja chenye chumvi kidogo, kwa kuwa kinawafaa wote. Ondoa kopo la chumvi mezani bila kelele. Na siku ya kupima presha, nendeni pamoja. Namba zake mwenyewe zitazungumza naye kuliko maneno yangu na yako.

Swali: Je, mtoto mchanga naye anahusika?

Jibu: Ndiyo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hahitaji kutiliwa chumvi wala sukari katika uji au chakula chake. Wewe utaona hakina ladha, yeye hajui. Ulimi wake unajifunza sasa kile atakachokipenda akiwa mtu mzima.

Dalili za hatari

Hata tukijikinga, dharura inaweza kutokea. Jifunze dalili za kiharusi, na uwafundishe watoto wakubwa:

Uso: mwambie atabasamu. Je, upande mmoja wa mdomo umeanguka?
Mkono: mwambie ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka au hauna nguvu?
Usemi: mwambie aseme sentensi fupi. Je, maneno yanakwama au hayaeleweki?
Wakati: ukiona hata dalili moja, tazama saa, kumbuka dalili zilianza saa ngapi, na mkimbize hospitali.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, panapokuwa nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili kuanza, na ni baada ya kupigwa picha ya ubongo. Kwa hiyo kila dakika ni mali. Usimlaze ukingoje asubuhi. Usimpe chakula, maji wala dawa yoyote mdomoni, hata ya maumivu, kwa maana anaweza kukabwa, au damu ikazidi kuvuja. Mlaze kwa ubavu. Dalili zikipotea baada ya dakika chache, mpeleke vilevile. Hilo ni onyo.

Wako watakaosema amepigwa na jini au ametupiwa kitu. Usigombane nao. Anayetaka kuomba na aombe, lakini aombee ndani ya gari, mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kwa moyo, dalili ni maumivu au uzito kifuani, ambao huweza kwenda begani, mkononi, mgongoni au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba na kukosa pumzi. Kwa wanawake, wakati mwingine huwa ni uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu na kukosa pumzi, na tunadhani ni vidonda vya tumbo. Usikisie. Nenda hospitali mara moja.

Ulizia leo, si siku ya msiba, ni hospitali gani iliyo karibu yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, na uweke kwenye simu namba ya jirani mwenye gari. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kujishikilia kwenye bodaboda.

Turudi kwenye pakiti

Sasa ile hesabu yetu. Gramu 5 kwa mtu mzima, mara watu wazima watano, ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Basi kwa nyumba ya watu wazima watano, pakiti hiyo isiishe kabla ya siku 20. Kama nyumba ina watoto, au mnakula mkate, chipsi na vikolezo vya pakiti, inafaa idumu zaidi ya hapo, kwa kuwa chumvi nyingine mmekwisha kuila bila kuiona.

Chukua kalamu. Siku utakayofungua pakiti mpya, andika tarehe juu yake. Ikiisha, andika tarehe tena. Kama ni siku 10, mwezi ujao jitahidi ifike 13, halafu 16, halafu 20. Huhitaji pesa wala mashine. Unahitaji kalamu, na mkono usiomimina bali unaopima.

Mambo ya kukumbuka: pima presha hata kama huumwi. Punguza chumvi, mafuta na sukari. Jaza nusu ya sahani kwa mboga na matunda. Tembea. Epuka tumbaku na pombe. Usiache dawa bila idhini ya daktari. Uso, mkono, usemi, wakati.

Mama, zungumza na mwenzako mmoja wiki hii, kwenye chama, kisimani au kanisani na msikitini, umweleze habari ya pakiti ya chumvi. Hadi tukutane katika mazungumzo mengine, nakutakia wewe na jamii yako afya njema.